Kitako cha reli ndogo kwa hewa ya pwani: mbao, mihimili ya plaiwudi, au fremu wazi?

Anayeanza kujenga reli ndogo nyumbani huanza na kichwa cha treni. Hujinyima miezi kadhaa, akaagiza injini aliyoitamani tangu utotoni, kisha mabehewa mawili matatu, kisha reli. Kitako, yaani ule ubao na fremu inayobeba reli, mandhari na nyaya zote, hukumbukwa mwisho na kupewa mbao zilizosalia baada ya kutengeneza kabati. Nami nilianza hivyo hivyo hapa Mombasa, kwa shiti ya chipubodi ya milimita 12 niliyoipigilia juu ya fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili. Januari ilikuwa bapa kabisa. Kufikia Mei, masika yamekolea, ukingo wa upande wa dirisha ulikuwa umevimba kama milimita mbili. Pale shiti ilipokutana na kipande cha kuongezea pakawa na kidaraja, na injini ikawa inatoka njiani kila ikipita hapo. Chipubodi ikishavimba hairudi, hata uianike vipi. Niling'oa reli zote.

Tangu hapo nimejenga vitako vya namna tatu, na ninayoyasema hapa yametokana na hivyo. Maelekezo mengi ya ufundi huu yameandikwa kwa ajili ya Uingereza na Marekani, ambako mjenzi huhofia baridi ya gereji na ukavu wa nyumba inayopashwa moto. Huku kwetu shida ni unyevu na chumvi. Nguvu ya kubeba ni jambo dogo, maana treni nzima ya reli ndogo haifiki kilo chache. Cha kuangalia ni kama kitako kitabaki bapa kusi na kaskazi, na kama kitapita mlangoni siku ya kuhama.

Ninachojenga mimi ni kipande cha ile reli ya zamani ya mita moja, kutoka Changamwe kupanda kuelekea Mazeras, enzi za East African Railways. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, upana wa mita moja unakuwa milimita 11.5, na reli inayouzwa ni ya milimita 12. Anayependa SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo upana wake ni milimita 1,435, atatumia reli ya milimita 16.5 kwa kipimo hicho hicho. Ninayataja haya kwa sababu ya injini za daraja la 59, zile Garratt 34, injini ndefu za mvuke zenye maungio, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Moja yao, namba 5918 Mount Gelai, bado ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Urefu wake ni zaidi ya mita 31, kwa hiyo kwa 1:87 unapata injini ya kama sentimita 36, yenye magurudumu 28. Injini ya namna hiyo haisamehe. Kitako kikishuka milimita moja kwenye maungio, gurudumu moja kati ya hayo 28 litaning'inia na mengine yatalifuata.

Kinachotembea ni mbao, reli hazina lawama

Watu wengi wakiona reli imepinda husema ni joto. Tupige hesabu. Reli hizi ni za mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Kwa chumba ambacho hali ya joto hubadilika nyuzi 10, njia ya mita 2.4 hurefuka kama milimita 0.4 tu, na nafasi ndogo unazoacha kwenye maungio ya reli zinatosha kabisa kumeza hizo.

Ubao ni habari nyingine. Kwa urefu wake, yaani kufuata uzi, hautikisiki kwa kiasi cha kuonekana. Lakini kukata uzi, ubao wa upana wa sentimita 20 unaweza kuongezeka milimita moja na nusu kati ya kaskazi kavu na masika. Upande mmoja ukishika unyevu kuliko mwingine, ubao unapinda kama kigae. Plaiwudi ina nafuu kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa, uzi wa moja ukikata uzi wa nyingine, hivyo kila tabaka inaizuia jirani yake isitanuke. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya uchaguzi wote.

Fremu ya mbao, shiti juu

Hii ndiyo aina ya kizamani na ndiyo fundi yeyote wa mtaani atakutengenezea bila kuuliza maswali: mbao za tatu kwa moja zilizopigwa randa, zimesimamishwa kwa ubavu, zimefungwa kwa skrubu na gundi, na shiti imelazwa juu. Ubao uliosimama kwa ubavu ni mkakamavu ajabu. Ukiongeza kimo chake mara mbili, ukakamavu unaongezeka mara nane, ndiyo maana mbili kwa mbili niliyoanza nayo ilikuwa upotevu wa mbao: nzito, na bado inabonyea.

Ndani ya fremu huwekwa mataruma ya kukatisha. Neno hili nalipenda. Wajenzi wa majahazi huliita taruma lile fupa la ubavuni linaloshika mbao za chombo, na watu wa reli wakalichukua kwa ile nguzo fupi inayolala chini ya reli. Kwenye kitako linafanya kazi zote mbili. Wanaoishi Mji wa Kale wanaijua kanuni yake bila kufundishwa, kwani dari za nyumba zile zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Taruma likiwa mbali na jenzake, kilicho juu yake kitabonyea, kiwe sakafu ya chokaa au shiti ya plaiwudi. Vitabu vya ng'ambo vinaruhusu sentimita 40 hadi 45 kati ya mataruma. Kwa pwani mimi siendi zaidi ya 35 kama shiti ni ya milimita 9.

Tatizo la aina hii ni mbao yenyewe. Saiprasi na paini zinazouzwa viwandani mara nyingi bado ni mbichi. Nilimwonyesha fundi mmoja mzee mbao nilizonunua, akaigonga moja kwa kidole, akasema, "Mwanangu, hii bado inakunywa maji. Ilaze ndani kwanza." Nikazipanga chumbani kwa wiki tatu, vijiti vikiwa kati yake ili hewa ipite. Kati ya mbao kumi, tatu zilijisokota kama parafujo. Afadhali zisokotwe sakafuni kuliko zikiwa chini ya reli.

Mninga hausokotwi kirahisi. Ni katika mbao zinazonywea kidogo mno, na ukiupata mkavu fremu yake itakaa. Lakini ni mzito na bei yake ni ya samani, na kuuficha chini ya majani ya bandia naona ni dhuluma. Mbao kuukuu ndizo ninazozipendekeza zaidi: fremu za milango iliyovunjwa, vitanda vya zamani, rafu za duka lililofungwa. Zimekwisha kutembea kadiri ya kutembea kwake miaka na miaka katika hewa hii hii. Kagua tu matundu ya dumuzi na misumari iliyobaki ndani kabla ya kumpa fundi msumeno.

Kitako kimoja cha sentimita 120 kwa 60, fremu ya tatu kwa moja ya saiprasi na plaiwudi ya milimita 12 juu, kitafika kama kilo 10. Mtu mmoja anakibeba, ila kwenye ngazi nyembamba atakihisi.

Mihimili ya plaiwudi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na sitajifanya mpatanishi. Badala ya ubao mmoja mnene, unachana plaiwudi vipande vya upana wa milimita 90, unachukua viwili, unavitenganisha kwa vijiti vya mbao vya kama milimita 20 kila baada ya sentimita 25 au 30, unavibandika kwa gundi na kuvibana usiku kucha. Unapata mhimili mtupu katikati, mwepesi, ulionyooka kama ulivyoubana, na usio na uzi wa kuusokota. Nyaya zinapita ndani yake. Bolti za kuunganisha kitako na kitako zinapata mahali pa kukaa.

Hesabu ya shiti ndiyo iliyonishawishi. Chukua plaiwudi ya milimita 9, futi nane kwa nne. Ikate katikati upate mapande mawili ya mita 1.22 kwa 1.22. Pande la kwanza linatoa vifuniko viwili vya sentimita 120 kwa 60. Pande la pili, ukilichana kwa milimita 90 na kuuachia msumeno milimita tatu kila mchano, linatoa vipande 13. Kila kitako kinahitaji vinne kwa mihimili miwili ya marefu, kimoja kwa ncha mbili, na kimoja na nusu kwa mataruma matatu. Vitako viwili, vipande 13 kamili. Hakibaki hata cha kukalia chungu! Kila kitako kinakuwa na kama kilo nane, vijiti na gundi ndani yake.

Masharti yake ni mawili. La kwanza, mchano lazima unyooke. Kwa msumeno wa mkono hutaweza. Lipa wanaochana kwa mashine ya meza, na usimame pale pale uhakikishe vipande vyote vinachanwa bila kubadilisha kipimo. Hata vikiwa na milimita 89 vyote, hakuna neno. Vikitofautiana, umeharibikiwa.

La pili, plaiwudi iwe ya gundi isiyoachia maji. Usitegemee mhuri uliopigwa ubavuni. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kitie katika sufuria ya maji yanayochemka kwa saa kadhaa, kisha kitoe ukaushe. Tabaka zikianza kufunguka kama kurasa za kitabu, iache dukani. Plaiwudi nyeusi inayotumiwa na wajenzi wa zege, ambayo mafundi huiita merini, kwa kawaida hufaulu jaribio hili, lakini ngozi yake laini haishiki gundi. Kwa mihimili lazima uipige msasa mpaka ngozi itoke, na vumbi lake ni la kuziba pua, kwa hiyo vaa barakoa.

Gharama? Plaiwudi nzuri ni ghali kuliko saiprasi, na kuna siku mbili tatu za kubandika na kusubiri. Ndiyo kasoro yake pekee ninayoikubali.

Fremu wazi

Aina mbili nilizokwisha kuzieleza zina kifuniko bapa, na kwa stesheni hakuna kizuri zaidi. Lakini nchi yetu haiko bapa. Reli ya Mombasa inaanza usawa wa bahari na kufika Nairobi ikiwa zaidi ya mita 1,600 juu. Ukitaka bonde liwe chini ya reli, korongo lenye daraja, au kilima cha kupanda mfululizo, kifuniko bapa kinakufunga. Utaishia kujenga milima juu ya meza, treni ikizunguka chini yake kama mchezo wa watoto.

Fremu wazi haina kifuniko. Mihimili miwili mirefu inalala, mataruma yanakatisha juu yake, na njia peke yake, ukanda wa plaiwudi uliokatwa kufuata mapindo ya reli, unasimamishwa kwa vipande vya wima vya urefu tofauti. Penye bonde, hakuna kitu. Muundo ulioenea zaidi ni ule uliotangazwa Marekani miaka ya 1960 na Linn Westcott, mhariri wa jarida la reli ndogo: mhimili unatengenezwa kwa ubao wa nne kwa moja, na juu ya ukingo wake inabandikwa mbili kwa moja, umbo likawa kama L iliyopinduliwa. Mataruma yanafungwa kwa skrubu kutoka chini, kupitia ule ukingo. Kwa hiyo hata baada ya kutandika reli na kupaka rangi, ukigundua taruma limekaa pale pale inapotakiwa mashine ya pointi, ile inayohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine, unalifungua kwa chini na kulisogeza. Kwa kitako cha kifuniko, siku hiyo ingekuwa ya msumeno na majuto.

Mpando uhesabu mapema. Njia moja kupita juu ya nyingine kwa 1:87 inataka kama milimita 80 kutoka reli hadi reli. Kwa mpando wa asilimia 2, hiyo ni mita nne za kupanda, na kama unateremka tena, nne nyingine. Chumba kidogo hakitoshi isipokuwa njia izunguke. Nilipunguza nikaacha asilimia 1.5, bila njia yoyote kupita juu ya nyingine, na mpando wa Mazeras unasomeka vizuri zaidi kuliko ningelazimisha.

Ubaya wake ni kwamba kitako hiki hakihami. Kinaweza kukatwa, ndiyo, lakini kimebuniwa kikae. Kama unalipa kodi ya nyumba na mwenye nyumba anaweza kukupa notisi, usikiguse.

Shiti ya juu

| Shiti, futi 8 kwa 4 | Uzito wa makadirio | Ikishika unyevu | Skrubu ukingoni |
|---|---|---|---|
| Plaiwudi mm 9 | kilo 16 | hutulia, kama gundi ni nzuri | hupasua, weka kijiti cha mbao |
| Plaiwudi mm 12 | kilo 21 | hutulia zaidi | hushika kiasi |
| MDF mm 12 | kilo 27 | huvimba kingo | hupasua |
| Chipubodi mm 12 | kilo 23 | huvimba na kumeguka | haishiki |
| Blokibodi mm 18 | kilo 25 | hutulia kwa marefu | hutegemea ulipoangukia |

MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, ina wapenzi wengi, na ninawaelewa. Ni laini, haina fundo, inachanika safi. Kwa ofisi yenye kiyoyozi mchana na usiku ningeikubali. Kwa chumba chenye dirisha linaloelekea bahari, nakataa. Vumbi lake nalo lina gundi ndani yake, kwa hiyo ikate nje. Blokibodi, yaani vijiti vya mbao vilivyofunikwa kwa tabaka nyembamba, ni ngumu kwa upande mmoja na dhaifu kwa mwingine, na ndani yake kuna nafasi kati ya vijiti, ukitoboa tundu la waya unaweza kuangukia uwazi.

Sofutibodi, ubao laini wa nyuzi, inatajwa sana na watu wa Uingereza, kwani pini ya reli inaingia kwa kusukuma kwa kidole na sauti ya treni inapungua. Yenyewe haijibebi. Ibandike juu ya plaiwudi ya milimita 9 kama unataka ukimya, na kamwe usiiache ipite uwazi kati ya mataruma peke yake. Shiti za povu gumu zinafaa kwa milima. Povu la makasha ya samaki si hilo; lile linamegeka punje punje na kuingia kwenye gia za injini.

Shiti yoyote utakayochagua, ipake vanishi juu, chini na kingoni, mara mbili. Watu hupaka juu tu, wakaacha chini kavu. Upande mmoja ukinywa na mwingine umezibwa, umejitengenezea ule mpindo wa kigae kwa mkono wako mwenyewe.

Viungo, kutu na mchwa

Gundi ndiyo inayoshika; skrubu inabana tu mpaka gundi ikauke. Misumari iache, chumvi ya hapa inaila na kichwa kinakatika. Kuunganisha kitako na kitako natumia bolti mbili za milimita 8 zenye washa pana, pamoja na bawaba mbili za shaba ambazo pini yake nimeitoa na kuweka nyingine ya kuchomoka. Bawaba ndizo zinazorudisha reli mahali pake kila mara, bolti zinakaza. Shaba utaipata kwa wauza vifaa vya mashua, na ni bora kuliko ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Waliojenga njia kutoka Mombasa kuanzia 1896 waliweka mataruma ya chuma sehemu kubwa, kwa kuwa mchwa walikuwa wanamaliza ya mbao. Kitako cha nyumba ya chini kiwekee miguu kwenye mikebe yenye mafuta kidogo, na usikiegemeze ukutani, maana njia moja tu ya udongo ya mchwa ukutani inatosha.

Sasa, wewe uchague kipi?

Mzazi anayemjengea mtoto duara la kuanzia, kwa nafasi ya futi nane kwa nne, afanye fremu ya mbao kuukuu na plaiwudi ya milimita 12. Pindo la pili la seti za Hornby, treni ndogo za Uingereza, lina nusu kipenyo cha milimita 438, kwa hiyo duara lake linaingia kwenye upana wa mita 1.22 na ukingo unabaki. Ila kikiwekwa kona ya chumba, mkono wa mtu haufiki upande wa pili bila kuangusha kitu. Kiache kifikiwe pande mbili.

Aliyepanga, au anayekusudia kupeleka reli yake kwenye maonyesho, au anayeishi ghorofani: mihimili ya plaiwudi, vitako vya 120 kwa 60, bila kusita.

Mwenye chumba chake na anayependa milima kuliko stesheni ajenge fremu wazi, lakini mihimili yake aifanye ya plaiwudi kwa ile njia niliyoeleza, aache ya mbao. Nimechanganya hivyo kwenye kipande changu cha kupanda, na stesheni ya Changamwe ikakaa kwenye vitako vya kifuniko. Kwa chumba cha kizamani, kirefu na chembamba, njia inafuata ukuta mmoja na bado mtu anapita.

Fremu zangu zimekamilika tangu Februari. Nimezipaka vanishi, nimezikaza, nimepitisha uzi kutoka ncha hadi ncha na kuandika kwa penseli, kila baada ya nusu mita, umbali kati ya uzi na ubao. Reli ziko sandukuni. Nitapitisha uzi ule ule mwishoni mwa Juni, mvua zikiisha, na pale namba zitakapokuwa zimetofautiana zaidi ya nusu milimita ndipo nitakapofungua skrubu kabla ya kutandika chochote.